Shibiri za Ami Nchini Italia

Bologna ni mji wa kutembea bila mwavuli. Mbele ya nyumba zake kuna vibaraza vyenye paa na nguzo, nyumba hii imeshikana na ile, na ukivipanga vyote kwa mstari mmoja vinatimia kilomita 62. UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Watalii wanavipenda kwa picha. Ami alivipendea jambo jingine: sakafu ni sawa, pembeni pana ukuta wa kuufuata kwa fimbo, na juu kuna dari inayorudisha sauti, hata tukikaribia kichochoro anakijua kabla sijamwambia. "Hapa pana njia," anasema, na fimbo bado haijafika. Kwetu Mji Mkongwe vichochoro anavijua vilevile, ila kwetu lazima kwanza asikilize vespa.

Ami ni fundi wa milango. Alianza kushika patasi akiwa kijana, akachonga miimo, mifaa na vizingiti vya mfenesi na msaji, mpaka presha ya macho ilipommaliza. Ugonjwa huu hauumi. Unakula pembeni kwanza, na mtu ambaye kutwa anatazama ncha ya patasi katikati ya ubao hana habari kwamba kuta mbili zinamsogelea. Jicho la kulia likatangulia, la kushoto likafuata. Binti yake, ambaye ni muuguzi Bologna, akamwita akapumzike kwake, nami nikapewa kazi ya kumsindikiza. Dada huyu ndiye aliyepanga safari yote, na ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Alikuwa amegundua kwamba mtaa wa tatu kutoka kazini kwake kuna jumba la makumbusho ambalo mgeni anaingia, anavua saa na pete, kisha anaambiwa ashike.

Jumba lenyewe linaitwa Anteros, nalo limo ndani ya Taasisi ya Wasioona ya Francesco Cavazza, barabara ya Castiglione. Taasisi ilianza mwaka 1881, jumba lilifunguliwa mwaka 1999. Ukutani na mezani mna michoro mikubwa ya dunia iliyochongwa upya kwa jasi, ikajitokeza juu ya ubao kwa unene wa kidole au zaidi. Venus wa Botticelli yupo, amesimama juu ya kombe lake. Ami alimpitia haraka, nadhani kwa haya, tukaenda kwenye wimbi.

Wimbi la Hokusai, msanii wa Japani, lilichapwa kwa vibao vya mbao kiasi cha mwaka 1831. Wengi wetu tumeliona hata kwenye fulana bila kulitazama. Mwalimu aliyetupokea hakutaja jina wala nchi. Alimshika Ami mikono yote miwili, akampitisha kwanza kwenye kingo nne za ubao ili ajue ukubwa wa dunia anayoingia. Halafu maumbo makubwa: kushoto kitu kirefu kinachopanda na kujikunja, chini bonde. Halafu madogo. Mkono mmoja unatafuta, mwingine unabaki umeshika pale ulipoanzia, usipotee. Baada ya hapo ndipo mgeni anaelezwa anachokishika ni nini, na mwisho kabisa kina maana gani. Hatua hizo tatu wameziazima kwa mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, aliyeziandika kwa ajili ya watu wanaoona.

"Povu hili lina kucha," Ami alisema. Ni kweli, lina kucha, nenda kalitazame. Chini ya kucha akakuta mashua, moja, ya pili, ya tatu, na ndani ya mashua vichwa vidogo vya wapiga makasia vimepangwa kama punje. Akavipitia kimoja kimoja kwa ukucha wa kidole gumba. "Wameinama. Wanajua linakuja." Kisha kidole kikaangukia pembetatu ndogo katikati ya bonde.

"Na hiki kichuguu?"

Mwalimu akamwambia hicho ni Fuji, mlima mrefu kuliko yote Japani.

Ami akanyamaza, akarudi kwenye wimbi, akarudi kwenye mlima. Yeye aliona miaka mingi, kwa hiyo anakumbuka jahazi likienda mbali linavyopungua mpaka likawa nukta. Lakini mtu aliyezaliwa haoni hajawahi kupungukiwa na jahazi. Kwake kitu ni kikubwa au ni kidogo, basi. Mwalimu alisema hilo ndilo somo gumu kuliko yote katika jumba lile, na kwa sababu hiyo mchongaji hucheza na unene: kilicho karibu kinatokeza zaidi, kilicho mbali kinabaki karibu sawa na ubao. Halafu akamwinua Ami mkono wa kushoto juu ya kichwa, akamkunja vidole kama wimbi linalotaka kuanguka, mkono wa kulia akaufumba ngumi na kuuweka chini, mbele. Mzee wa kanzu na kofia ya kiua akasimama pale katikati ya Bologna akiwa wimbi na mlima kwa wakati mmoja. Binti yake alicheka mpaka akatoa machozi. Ami hakucheka. Alikuwa anafikiri.

Nimeingia majumba mengi yanayojitangaza kuwa yameandaliwa kwa wasioona, na mara nyingi maandalizi yote ni kifaa cha kusikiliza. Unavishwa masikioni, sauti nzuri ya redio inakusimulia kwamba upande wa kushoto kuna mwanamke aliyevaa bluu. Sikikebehi kifaa hicho. Bila hicho wapo ambao wasingepata hata huyo mwanamke. Lakini maelezo ya mtu mwingine ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Kama msimulizi hakuona kucha kwenye povu, na wewe huzipati. Ami alizipata mwenyewe, na hakuna aliyemwambia azitafute.

Kutoka Bologna kwenda Ancona ni kiasi cha kilomita mia mbili kwa treni, na kuanzia Pesaro reli inafuata bahari ya Adriatiki kwa karibu sana. Stesheni kubwa za Italia zina ofisi inayoitwa Sala Blu: unapiga simu mapema, ukifika anakupokea mtu, anakupeleka mpaka kitini, na unakoshukia mwenzake anakusubiri. Sakafuni kuna mistari ya miinuko ya kufuata kwa fimbo. Ami aliikagua mistari ile kama anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, akaridhika nayo mpaka tulipokuta mtu ameegesha masanduku yake juu yake. "Hata huku," alisema.

Ancona ni mji wa bandari, na Ami aliinusa kabla treni haijasimama: mafuta ya meli, chumvi, samaki. Jumba tulilolifuata limo ndani ya ngome ya pembe tano iliyojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa na watu, pembeni mwa bandari. Msanifu Luigi Vanvitelli aliianza mwaka 1733 kwa amri ya Papa Klementi wa Kumi na Mbili, iwe mahali pa kuwaweka karantini wasafiri na shehena zao. Nikamwambia Ami kwamba ni Changuu yao, kile kisiwa cha kwetu cha karantini na kobe. Akauliza kama wana kobe.

Makumbusho ya Omero, yaani Homer, yule malenga wa Wayunani ambaye mapokeo yanasema alikuwa kipofu, yalianzishwa mwaka 1993. Wazo lilikuwa la mume na mke, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, wote wawili hawaoni, wote wapenda safari. Walizunguka majumba ya sanaa ya Ulaya wakikutana na sentensi ileile kila mlango: usiguse. Wangeweza kuandika barua za malalamiko. Badala yake waliibana manispaa ya Ancona mpaka mji ukafungua makumbusho, na mwaka 1999 bunge likapitisha sheria ya kuyafanya kuwa ya taifa. Kaulimbiu yao ni kwamba hapa ni marufuku kutogusa. Nilifurahi kuona inawahusu wote. Watoto wa shule wenye macho yao mazima walifungwa vitambaa usoni wakapelekwa kwenye sanamu kwa mikono, na kelele walizopiga zingemfukuzisha mtu katika jumba lolote jingine.

Sanamu nyingi mle ni nakala za jasi zilizotolewa kwenye kalibu za sanamu zenyewe, kwa ukubwa uleule. Tulianza na yule mungu wa shaba wa Wayunani aliyeopolewa baharini kwenye rasi ya Artemision katika miaka ya 1920. Wataalamu bado wanabishana kama ni Poseidon au ni Zeus, kwa sababu silaha aliyokuwa akiirusha haikupatikana. Urefu wake unapita mita mbili, mikono ameitandaza. Pembeni kuna ngazi ya magurudumu, mgeni apande afike usoni. Ami alianzia unyayoni, akapanda taratibu. Alipofika kiunoni alisimama.

"Huyu bwana kavaa nini?"

"Baba," binti yake alisema, "hajavaa kitu."

"Lahaula." Mikono akairudisha nyuma, akakaa kidogo, kisha akaipitisha upande, kwenye mbavu, akaendelea na safari kuelekea begani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo waandishi wa mambo haya hawaligusi. Ami ni Mwislamu wa Unguja, na katika maisha yake yote ya kuchonga hakuwahi kuchonga uso wa mtu. Milango yetu ina yungiyungi, samaki, minyororo, majani ya mtende, duara na nyota. Hakuna pua wala mdomo. Kumweka mzee kama huyo mbele ya sanamu uchi na kumwambia "karibu, shika" si jambo jepesi kama linavyodhaniwa na mwenye jumba. Anayeona anaweza kugeuza uso huku akijifanya anasoma maelezo. Asiyeona akitaka kujua lazima mkono ufike. Mama aliyetuongoza alilielewa hilo upesi kuliko mimi. Hakumsukuma, alimwambia tu nini kipo wapi, akamwachia achague. Ami alimaliza kwa kusimama juu ya ngazi na kutandaza mikono yake sambamba na ile ya jasi, apime. "Pima yake imepita yangu kwa dhiraa," alisema, akashuka, na habari ya nguo haikurudi tena.

Saa nzima tuliitumia kwa Michelangelo. Pieta yake ya marumaru, aliyoichonga mwishoni mwa miaka ya 1490 akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, ipo Vatikani: Bibi Maryamu amekaa, amempakata mwanawe aliyekufa. Mwaka 1972 mtu mmoja aliivamia kwa nyundo, na tangu hapo imekaa nyuma ya kioo. Anayekwenda Roma anaitazama kwa mbali, juu ya mabega ya wenzake na simu zao. Nakala ya Ancona haina kioo wala kamba.

Ami aliuliza ni nani, akaambiwa. Akasema "alayhas-salaam" na kuweka mikono yote miwili kwenye mikunjo ya nguo, chini kabisa, kwenye pindo. Kwa muda mrefu hakutoka hapo. Fundi hawezi kupita mikunjo ile hivi hivi: kuna mahali vidole vinaingia mpaka fundo la tatu, na kule ndani bado kumelainishwa. "Huku patasi inafikaje?" aliuliza, na hakuwa anatuuliza sisi. Akapanda mpaka kwenye mapaja. Akaanza kupima kwa shibiri, kutoka goti hadi goti, kisha mgongo wa aliyepakatwa, kisha akarudi kupima kichwa cha mama. Alirudia. Nilijua ile sura. Ndiyo anayoiweka akiletewa mlango uliopimwa vibaya.

"Mama huyu akisimama, atatoboa dari."

Mwongozaji akatuomba tutafsiri, na alipotafsiriwa akapiga makofi. Wanahistoria wa sanaa wanalijua jambo hilo. Mwanamke wa kawaida hawezi kumpakata mwanamume mzima bila miguu kuning'inia ovyo, kwa hiyo Michelangelo alimfanya Maryamu awe mkubwa mno, akauficha ukubwa kwenye wingi wa nguo, na kichwa akakiacha cha kadiri ili jicho lidanganyike. Jicho ndilo lililodanganyika. Shibiri haikudanganyika.

Halafu vidole vikapanda kifuani, kwenye mkanda unaokatiza kutoka begani, vikasimama tena. Herufi. Michelangelo alitia jina lake pale, na hakuna kazi yake nyingine inayojulikana kuwa na saini. Ami hajui herufi za Kilatini zilizofupishwa za karne ya 15, lakini anajua fundi anapotia jina. "Kaandika mbele ya kila mtu," alisema. "Sisi tulikuwa tunatia alama nyuma ya mfaa, mtu asione ila siku mlango unang'olewa."

Sasa, nakala. Nilitarajia Ami aiabudu, hakuiabudu. Tukiwa tumekaa kupumzika alisema jasi yote ni moja: mungu wa shaba na mama wa marumaru wana ngozi ileile, baridi ileile, unga uleule unaobaki kwenye vidole. Mbao ina nyuzi. Ukifumba macho utajua huu ni mvule na huu ni mkoko. Patasi nayo huacha mwendo wake, na fundi wa kushoto unamjua. Jasi inakupa umbo, haikupi mkono wa aliyefanya. Mwongozaji alikubali bila ubishi, akatupeleka kwenye vyumba vya wasanii wa karne ya 20 na ya sasa, ambako kazi nyingi ni zenyewe: mbao, shaba, mawe, chuma. Huko Ami alichangamka kama mtu aliyerudi kwao.

Na wenye majumba wanaokataza hawakatazi kwa roho mbaya. Ngozi ina mafuta, chumvi na jasho. Mkono mmoja hauharibu kitu, mikono milioni inakula chuma. Pale pale Vatikani kuna sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro ambayo mahujaji wameishika na kuibusu mguu wa kulia kwa karne nyingi, na vidole vya mguu huo vimelika, havitofautiki tena. Kwa hiyo baadhi ya majumba humpa asiyeona glavu nyembamba na muda wake peke yake. Louvre ilifungua chumba cha nakala za kushika mwaka 1995. Prado ya Madrid mwaka 2015 ilichapisha michoro yake kadhaa kwa rangi na miinuko. Njia zipo. Kinachonikera ni jibu la "hapana" linalotolewa kabla swali halijaisha. Katika jumba moja la makumbusho huku kwetu Ami aliwahi kuzuiwa asiguse ubao wa mlango wa zamani, mlango uliokaa mtaani miaka mia ukipigwa jua, mvua, mbuzi na mipira ya watoto.

Yupo mchongaji wa Italia anayeitwa Felice Tagliaferri, aliyepoteza macho akiwa kijana. Alikwenda Napoli kuishika sanamu mashuhuri ya Kristo aliyefunikwa shela, kazi ya Giuseppe Sanmartino ya mwaka 1753, akakataliwa. Akarudi nyumbani, akatafuta bonge la marumaru, akachonga ya kwake, na akawaruhusu watu wote waishike. Dada alipomsimulia baba yake kisa hicho, Ami aliuliza swali moja tu: marumaru anaichonga kwa nyundo ya uzito gani? Hajashika patasi tangu jicho la pili lizimike. Hatukuwahi kulizungumza hilo nyumbani, na hatukulizungumza pale.

Kabla ya kuondoka tulipitia mifano ya majengo. Parthenon ipo, kuba la Mtakatifu Petro lipo, na Pantheon ya Roma ambayo inafunguka: unashika kuba kwa nje, kisha unaingiza mkono ndani ulikute tundu la juu linaloingiza mwanga. Mimi nimewahi kusimama ndani ya Pantheon yenyewe na kuinua shingo mpaka ikauma, lakini uhusiano wa kuta nene na kuba lile sikuwahi kuuelewa kama nilivyouelewa baada ya kufumba macho na kufuata vidole vya Ami. Yeye alifungua na kufunga, akafungua na kufunga.

Italia na Tanzania ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka mmoja, 2009. Ibara ya 30 inazungumzia haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni. Nilimsomea Ami kwenye treni ya kurudi, tukipita Falconara, nikiwa na hotuba nzima tayari kichwani. Hakusubiri hotuba. Mawazo yake yalikuwa kwetu, kwenye Beit al-Ajaib.

Jumba hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu ya mbele mwezi Desemba 2020. Ami alikuwa ameshakuwa kipofu. Alisikia habari, alipelekwa karibu, akaambiwa hapa pameanguka, na akabaki na picha ya zamani kichwani ambayo hakuna mtu wa kumrekebishia. Alisema milango haina shida, milango ipo mitaani na kila mtoto anaishika akipita. Kinachotakiwa ni jengo zima, la mfenesi, la kuwekwa mezani, lenye roshani za ghorofa zote na nguzo za chuma zikae kwa waya mnene, mnara wa saa uchomoke, paa lifunuke kama la ile Pantheon ili mkono uingie ukumbini. Milango ya ndani ifunguke kweli. Mbele ya jumba pawekwe baraste na ukingo wa bahari, maana mtu asiposhika bahari hatajua jumba linatazama wapi.

"Nani atachonga?" nikamuuliza.

Akataja vijana wawili aliowafundisha. Wao watakata na kuunga. Nguzo na roshani watafuata picha, lakini milango atakaa nao yeye, kwa sababu anaikumbuka, na mmoja wao ana tabia ya kuharakisha kona. Binti yake akauliza kama atakuwa anawaelekeza tu. Akasema kona huwezi kuielekeza kwa mdomo.

Senigallia ikapita, Fano ikapita. Akanipa kazi ya kupiga simu kumtafuta mwenye vipimo vya jengo, akasisitiza viwe kwa futi, vijana wake hawapatani na mita. Kufika Pesaro tulikuwa tumeshaingia kwenye bei, na binti yake alikuwa anamwambia kwamba hakuna ofisi yoyote Unguja itakayolipa fedha hizo kwa jumba la kuchezea, naye anamjibu kwamba kwanza si la kuchezea, na pili bado hajataja bei ya misumari ya shaba.